Sinia la Halwa kwa Mhandisi Mkuu

...na mkono mwenyewe siwezi hata kuukunja, nikiukunja Bi Tumu anayenichora hina atapiga kelele kwamba nimemharibia ua lake, kwa hivyo nakaa hivi, mikono mbele kama mtu aombaye dua, miguu juu ya mto, mgongo ukutani, hina yanuka chumba kizima, na nje barazani Lennox anangoja, namsikia akikohoa, Lennox kijana wa watu, kaacha kazi kiwandani Shimanzi kaja mpaka huku Mji wa Kale kwenye jua hili kwa sababu simu yetu ya nyumbani imekatwa na mimi niko likizo ya arusi, na swali alilokuja nalo ni moja tu, Mejumaa achagua lugha gani, C au Visual Basic, ajibu leo, majina yaende Nairobi kwa faksi kabla ofisi haijafungwa, basi, neno moja, na neno hilo ninalo tangu mwezi uliopita, liko hapa kwenye ncha ya ulimi, ila kati yangu na Lennox kuna pazia, na kwenye pazia kasimama Shangazi Nyevu, na Shangazi Nyevu hapitishi neno la mtu bila kulionja kwanza... "Lugha?" ndivyo alivyomwuliza, "mwanangu kasoma mpaka chuo kikuu na leo mwamtaka asome lugha tena? Kiingereza anacho, msahafu kaukhitimu, yuwatakiwa nini kingine?" na Lennox maskini akaanza kueleza, ni lugha ya kompyuta, shangazi, ya kuiambia mashine ifanye nini, na wote humu ndani wakaangua kicheko, "mashine nayo yaambiwa!" na mimi nikacheka pamoja nao, kwa hasira, maana hasira ikinizidi hutoka kwa kicheko, mama akinisikia nikicheka hivyo huenda jikoni akajifungia.

"Tuliza mkono, mwari, mbona watetemeka, kwani waenda kuchinjwa?" asema Bi Tumu, na kile kijiti chake cha ukuti hakisiti, chapita kwenye kidole cha shahada polepole, jani, ua, jani... sitetemeki, Bi Tumu, nimekasirika, ni vitu viwili tofauti, na niliyemkasirikia si wewe, nimemkasirikia Ogutu, Bwana Ogutu, mhandisi mkuu wetu, mtu wa haki, hivyo ndivyo tulivyokuwa tukimsifu, ndiye aliyeniajiri mimi, mwanamke peke yangu katika karakana ile, akasema mbele ya mafundi wote kwamba mota haimwulizi mtu kavaa nini, na tangu siku hiyo nikawa niko tayari kumfia mtu yule, halafu wiki jana kapita mezani kwangu kasimama, Mejumaa, wewe tumekuweka Visual Basic, utasoma jioni jioni hapa Buxton, karibu na kwenu, Lennox na Maxwell ndio watakaokwenda Nairobi wiki tatu kusoma C, nikamwuliza kwa nini, mbona hatukuulizwa, akatabasamu, tabasamu la baba mkwe, akasema naelewa hali yako, hali gani, nikamwambia, akasema hongera sana, akaenda zake. Naelewa hali yako! Nimelala nayo hiyo nimeamka nayo, hali yangu ipi, kwani kuolewa ni homa, mbona Maxwell alioa Disemba na hakuna aliyeielewa hali yake, alirudi kazini kanenepa wakampa funguo za stoo... na wala sisemi Visual Basic ni mbaya, tusemezane ukweli, niliijaribu pale Buxton kwa siku moja, ni lugha tamu, wachora kitufe kwenye skrini, wakibonyeza, chafanya kazi, papo hapo, mtu asiyejua lolote aweza kujiona bingwa, lakini kule kiwandani najua itanipeleka wapi, itanipeleka ghorofani, chumba chenye kiyoyozi na zulia, nichore tangi la sabuni la rangi ya samawati na namba zinazopanda na kushuka ili wageni wakija waonyeshwe, na namba zenyewe zatoka wapi, zatoka kwenye kabati jipya la umeme linaloendesha mashine kule chini, kabati ambalo Lennox na Maxwell wataliandikia wao, kwa C, na wakikosea wao mimi juu kule nitaupamba uwongo wao kwa rangi, nikiuamini.

"Hapa pana kovu," asema Bi Tumu, kaukamata mkono wa kulia kwenye kifundo, "usijali, nitaliweka ua kubwa juu yake, hata bwana arusi hataliona." Liache, namwambia. "Liache?" Liache, Bi Tumu, pita kando yake. Ananitazama, anamtazama Bibi yangu aliyeketi pale kwenye kitanda cha kamba na tasbihi yake, Bibi anainua mabega, Bi Tumu anapita kando, na mimi nashangaa kwa nini nimeuma meno kwa ajili ya kovu dogo namna hii, lakini lile najua lilikotoka, mwezi wa Ramadhani, saa ya watu kwenda kufuturu, mashine ya kukatia sabuni imesimama, mafundi wameshatawanyika, nikasikia katika lile kabati la zamani rilei moja, kijiswichi cha umeme, yalia vibaya, rilei zikiwa nzima hulia tak, tak, kavu, ile yalia kama mtu mwenye mafua, nikatia mkono, cheche ikanipata, lakini niliijua ni ipi, bila kipimo, bila mchoro, kwa sikio, na mashine ikaenda. Hilo ndilo kabati wanaloling'oa. Nimeliona hilo jipya lililokuja, limefungwa nailoni bado, mlango mmoja, ndani bodi za kijani na taa ndogondogo, kimya, halilii, hata likiugua halitalia, na mtu akitaka kujua lina nini itambidi asome lililoandikwa ndani yake, kwa hiyo C, na asiyeijua C atafungua mlango atazame taa za kijani aufunge tena, aende kupiga simu, hallo, leteni fundi... mimi! mimi nipige simu kuita fundi! Nimezisoma lugha mimi, sikuanza jana, Fortran nilisomeshwa Nairobi na mzee mmoja aliyetuambia hiyo ndiyo ya wahandisi, mengine yote ni michezo, nikaisoma nikaipita sikuiona tena maishani mpaka leo, Pascal nikaisoma, safi, imenyooka, ya kufundishia watoto wa watu adabu, Cobol nikaikataa, nikasema hiyo wapewe wa benki, halafu mwaka wa mwisho ile ya chini kabisa, ya kusema na chipu yenyewe hatua kwa hatua, iliniliza ile, nililia kweli machozi kwa ajili ya taa moja iliyokataa kuwaka, na ilipowaka nililia tena, kwa hivyo asije mtu akaniambia C ni ngumu, wiki tatu ni ndefu, Nairobi ni baridi.

Pale nje Lennox yuwasema kitu, Shangazi kainamisha kichwa kwenye pazia, "Yuko radhi na hiyo ya Buxton, baba, nenda kawaambie," asema Shangazi, hivyo tu, bila kugeuka hata kunitazama, na mimi kabla sijapanua mdomo nasikia Lennox, ile sauti yake ya adabu, "Shangazi, niwie radhi, siyo ubishi, Bwana Ogutu kaniambia nisirudi na jibu la mtu mwingine, wazee wake ameshawasikia, sasa amtaka Mejumaa mwenyewe aseme..." wazee wake. Wazee gani? "Wazee gani?" nauliza, kwa sauti ndogo, na chumba kizima chafurahi, kumbe wote wajua, hata Bi Tumu yuwatabasamu na hina yake, na Shangazi anageuka sasa, uso wang'aa, mtu mwenye zawadi aliyokuwa kaificha nyuma ya mgongo, "Tulitaka tukwambie baada ya fungate, lakini basi, Mzee Dzoro, ami yake bwana arusi wako Chirau, na wazee wenzake wawili, walikwenda kule kwenu Shimanzi, kwa heshima zote, kanzu na kofia, na sinia la halwa nimelisimamia mimi mwenyewe, na birika la kahawa, wakaomba kumwona mkubwa wenu." Wakaomba! Wallahi naiona, naiona kama niliyekuwapo, wazee watatu na sinia lililofunikwa kawa wapita katikati ya mapipa ya magadi, mlinzi kawafungulia geti akidhani kuna maulidi, wakakaa kwa Ogutu, wakamwuliza habari za mvua za kwao, habari za watoto, za mifugo, nusu saa nzima hakuna aliyetaja jambo, halafu Mzee Dzoro akakohoa akasema tumekuja kwa jambo la kheri, sisi ni waombaji, "na yule bwana," Shangazi yuwacheka mpaka ashika mlango, "alidhani waja kumposa binti yake! Akasema binti yangu yuko shule bado!" na wote ha ha ha, na Bibi naye, meno yake mawili, "mpaka wakamweleza, la, sisi tumeshapata wetu, tunakuomba tu umpunguzie, mke wa mtu hawezi kwenda Nairobi wiki tatu na wanaume wawili, fungate haijapoa, mweke karibu, mweke kivulini, akasema wazee, mimi siwezi kukataa wazee, akala halwa, akaomba nyingine ya nyumbani." Naelewa hali yako... kumbe ndiyo hii. Kumbe wiki nzima nimemlaani mtu wa watu bure, alidhani mimi ndiye niliyewatuma, alidhani naona haya kusema nikatanguliza wazee, na kwa mila alizozijua yeye na tulizozijua sisi akajibu vile anavyojibu mtu muungwana, na bado, bado moyo wake haukutulia, kamtuma Lennox aje asikie kwangu mwenyewe. Nisamehe, Bwana Ogutu. Hasira yangu imekosa mlango, yazunguka, yatafuta pa kuingia.

"Na Chirau je?" nauliza. "Chirau alijua?" "Alijua!" asema Shangazi, "ndiye aliyelibeba sinia. Akaliweka mezani akatoka nje akangoja, adabu yake." Chirau. Alilibeba. Chirau ambaye wiki mbili tu zilizopita tulikuwa Marikiti twanunua iliki na zafarani ya arusi hii hii, nikamwambia, nikamweleza mara mbili ili asije akasema hakusikia, kuna safari, ni C, ni wiki tatu, ni baada ya fungate, nikamtazama usoni, nikamwambia kama hutaki sema sasa, tuko wawili tu na wapagazi, akacheka, akachukua konzi ya karafuu akanusa, akasema nenda fundi wangu, mimi nitakula kwa mama, wiki tatu ni nini, nikampenda pale, mbele ya magunia, nikampenda kwa jibu lile kuliko mahari yote, na kumbe alikuwa ameshakwenda? ama alikwenda baadaye? alinijibu huku wazee wake wamepigiwa pasi kanzu? Afadhali angekataa. Afadhali angenigombeza pale pale Marikiti watu wakatukusanyikia, ningemjibu, tungepigizana kelele, mmoja angeshinda, lakini kanipa mimi neno la mdomoni na Ogutu kampa sinia, na hata hakukaa ndani kusikia, alitoka nje, alingoja nje ili kesho aweze kusema mimi sikusema kitu... na mwoga huyo ndiye ninayepakwa hina kwa ajili yake mpaka kwenye vifundo vya miguu. Laiti mikono ingekuwa huru ningefanya nini? Ningetupa kitu. Lile bakuli la ndimu na sukari la kukolezea hina. Lakini siwezi, kila kidole kimechorwa, nimekaa hapa nimeandaliwa, na watu wanapita juu yangu wanazungumza, kwa mapenzi, hilo ndilo linaloniua, hakuna adui humu ndani, Shangazi kasimama juani kusimamia halwa ile kwa sababu anipenda.

"Haya mwanangu, mjibu kijana wa watu aende zake," asema Bi Tumu, "kachomeka na jua," na mimi nafungua mdomo na hasira imejaa mpaka kooni, hakuna neno linalopita, na Bibi pale kitandani ahesabu tasbihi yake, hata hakuinua uso, asema kwa ile sauti yake ya kumaliza mambo, "Mwari hajibu. Mwari akinyamaza ameridhika. Mimi mwenyewe hata nilipoulizwa idhini nilinyamaza, baba akasema kakubali, na babu yenu ndiye huyo." "Hasa!" asema Shangazi, na ageukia pazia, "Kanyamaza, baba. Hiyo ndiyo idhini yake. Nenda kawaambie, Buxton." Kisha nasikia kiatu cha Lennox kwenye jiwe la baraza. Anasimama. Anajipangusa. "Sawa, shangazi," asema, kwa unyonge, "nitawaambia kanyamaza," na hapo damu yangu yote yapanda, yapanda halafu, sijui niseme vipi, yatulia, kama umeme ukirudi baada ya kukatika, kitu kimoja kimoja chaanza kuzunguka tena... kwa sababu nimeisikia hesabu yao. Nimenyamaza kwa Ogutu aliposema hongera, nilikwenda kukasirika nyumbani, akahesabu. Nililipokea jibu lake Marikiti bila kumwuliza zaidi, Chirau akahesabu. Nimenyamaza tangu asubuhi hapa, nimewatukana wote mmoja mmoja ndani ya kichwa hiki, matusi ya kutosha mji mzima, na hakuna hata mmoja aliyesikia tusi moja, walichosikia wao ni ndiyo. Na kesho watakuja tena, baba na mashahidi, hapo hapo kwenye pazia, Mejumaa binti fulani waridhia kuolewa na Chirau, na mimi nimefunikwa ushungi nimejaa asmini, na nikikaa kimya nitahesabiwa vilevile. Subiri, Mejumaa, jiulize kitu kimoja haraka haraka kabla huyu hajafika kona, waitaka C kwa sababu wamekunyima, ama waitaka? Wasingekwenda wale wazee, pasingekuwa na sinia, ungechagua ipi? Nafumba macho. Naliona lile kabati jipya na nailoni yake. Naufungua mlango. Taa za kijani. Nataka kujua wanasema nini mle ndani. Nataka kujua tu, kama njaa, haina Ogutu ndani yake wala Chirau wala Maxwell na funguo zake. Basi.

"Lennox!" na sauti iliyotoka si ya bi arusi, ni ile ya karakana, ya kumwita mtu aliye upande wa pili wa mota inayozunguka, Bi Tumu ashtuka kijiti champonyoka, Bibi aangusha tasbihi, na kule nje mpaka jirani aliyekuwa akipura nguo kaacha, "Lennox, simama hapo hapo! Mwambie Bwana Ogutu ni C. Naenda Nairobi. Wale wazee sikuwatuma mimi, halwa haikuwa yangu, mwambie ni Mejumaa aliyesema, kwa mdomo wake, umesikia?" "Nimesikia," yasema sauti ya Lennox, na nasikia ndani yake kicheko anachokizuia, "mji mzima umesikia." Shangazi Nyevu kashika pazia kwa mikono miwili, "Lahaula," asema, polepole, "bi arusi yuwampigia kelele mwanamume wa watu barazani... na mumeo je? Mumeo tumwambie nini?" na mimi sina kelele tena, naona ajabu, naitafuta ile hasira kubwa na naiona imekaa chini, ipo, haijaondoka, lakini imekaa, nami namjibu shangazi yangu kwa adabu, "Si mume bado, shangazi. Mwambieni aje leo. Aje yeye, bila ami, bila sinia, asimame hapo nje ya pazia aniambie mwenyewe alichokwenda kuomba Shimanzi, nami nimsikie. Kesho mkija kuniuliza nitajibu, na nitajibu hivi hivi, kwa sauti." Bibi aokota tasbihi yake, anitazama, macho yake yamenikazia kama anayemtafuta mtu amjuaye. Mikono yangu bado iko mbele, bado mibichi, wa kulia umekwisha, wa kushoto umefika katikati ya kiganja, Bi Tumu kakichukua kijiti chake kingine, kakichovya, kakiinua, hajui akiteremshe wapi. "Niendelee, mwanangu?" auliza.

"Ngoja kwanza," namwambia. "Mpaka aje."